Robine moja, nyumba mingi: namna ya kuipanga bila makelele

Hapa Goma, mashariki ya Kongo, ziwa iko tu pale chini, lakini jaribu kuchimba kisima ndani ya mawe ya volkano utaona, njo maana avenii nzima inategemea robine (bomba la maji) moja. Hivi njo tulifanya kwetu, mchukue ile itawafaa.

Kwanza muite watu, na muwaite saa ile wamama wanaweza kuja. Sisi tulikutana mchana, wababa watupu, tukatunga sheria nzuri sana, kesho yake asubuhi hakuna bido (jerikani) hata moja iliyozifuata.

Komite watu tano wanatosha. Mwenye kese (sanduku la feza) na mwenye kadena (kufuli) ya robine wasitoke nyumba moja, tafazali.

Sasa feza, penyewe njo hapo. Mkubaliane bei ya bido ya lita 20, iandikwe kwa choki ukutani pale robine, si kwa daftari ya mtu nyumbani. Kila siku ya mungu (jumapili) magaribi mwenye kese anaandika mistari mitatu: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Mara ya kwanza papa moja alisimama pale akahesabu na simu yake, ikapungua franga mia tano, mwenye kese akashika kichwa, kumbe alinunua sabuni ya kusafisha pale chini, akaiandika, watu wakacheka, na tangu siku ile hakuna anayeguna kulipa. Kiasi kiwekwe pembeni, kisiguswe. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, lava iliharibu tuyo na tanki, robine zikakauka, na ile akiba njo ililipa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubeba mizigo, za kuletea wazee maji ya ziwa.

Mulongo (foleni): bido mbili kila nyumba, kisha unarudi nyuma. Mama wa mimba, mgonjwa, mzee, wanapita mbele bila kuulizwa. Wenye kuuza maji na bido zao kumi wangoje jioni, hata wakinuna.

Mkichota ziwani, bido isuguliwe ndani na sabuni na vijiwe, utikise sana, maana ikiwa na utelezi klore, ile dawa ya kusafisha maji, inaishia kwa uchafu. Watu wa klore wakishakutilia, ungoje dakika 30 ndio unywe.

Na funguo ya kadena zikuwe mbili. Yetu ilikuwa moja, mwenyewe akaenda nayo kilio kule Sake, siku mbili tunaangalia robine tu.