Ukurasa uliohifadhi ukigoma kufunguka kwenye Windows: ondoa alama, usizime ulinzi

Umebofya ukurasa uliouhifadhi mwenyewe, Windows ikakujibu “These files can't be opened”. Usikimbilie kuzima kinga ya virusi. Mara nyingi kinachozuia ni kimoja kati ya viwili: alama iliyobandikwa kwenye faili, au kiwango cha usalama wa intaneti kilichopandishwa kupita kiasi. Vyote hutengenezeka bila ya kuiacha mashine wazi.

Nasisitiza hivyo kwa sababu ya maalim mmoja wa skuli ya Micheweni, Pemba. Kwao mtandao ni wa kubahatisha, kwa hivyo kila akija Chake Chake huhifadhi kurasa za masomo ya sayansi na kurudi nazo. Zilipogoma kufunguka, fundi mmoja alimzimia kila kitu, kinga ya virusi na SmartScreen (mlinzi wa Windows anayekuonya juu ya mafaili na tovuti za hatari) pamoja. Kurasa zikabaki vile vile, na flashi za wanafunzi zikamwaga virusi mle ndani ya kompyuta yake. Aliponiletea, kazi ya robo saa ilikuwa imeshakuwa ya siku mbili, na maswali ya mtihani aliyoyatunga yalikuwa yamepotea. Iliniuma sana.

Hatua ya 1: Ujue faili limetoka wapi

Kivinjari kikishusha faili kwenye diski ya Windows, hulibandika kijisehemu kisichoonekana kiitwacho Zone.Identifier. Ndani yake mna namba: 3 ina maana faili limetoka intaneti, 4 limetoka sehemu isiyoaminika. Windows huisoma namba hiyo kabla ya kufungua.

Alama hii haikai kwenye flashi zilizopangwa kwa mfumo wa FAT32 wala exFAT, na flashi zetu nyingi ni za aina hizo. Ndiyo maana faili lile lile hugoma kwako, ukilipitisha kwenye flashi hadi kwa mwenzako likafunguka. Wengi hudhani flashi imelisafisha. Haikulisafisha hata kidogo, imepoteza alama tu, na kama mlikuwa na ubaya basi ubaya umo.

Kwa hivyo, kama ni ukurasa ulioufungua mwenyewe mtandaoni na kuuhifadhi, endelea. Kama ni faili la .html lililokuja kwenye barua pepe usiyoitarajia, lifute. Huo ni mtego maarufu: hufunguka ukurasa unaofanana na wa benki, unakutaka nywila, nawe ukiandika tu inakwenda kwa mwizi. Tazama anwani juu ya kivinjari. Ikianza na “file:” au neno “File”, huo si ukurasa wa benki yoyote, uko ndani ya kompyuta yako mwenyewe.

Hatua ya 2: Ondoa alama kwenye faili hilo moja

Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua “Properties”. Chini kabisa, kwenye ukurasa wa “General”, utaona kisanduku cha “Unblock”. Kitie tiki, bonyeza “Apply”, kisha “OK”. Kisanduku kisipokuwepo, faili halina alama. Nenda hatua ya 4.

Vitabu vya msaada vya .chm vinahitaji hatua hii zaidi kuliko vyengine. Vikiwa na alama hufunguka, orodha ya mada ikaonekana kushoto, lakini upande wa kulia hakuna maandishi, na watu hudhani kitabu ni kibovu.

Hatua ya 3: Yakiwa mafaili mengi

Kama yamekuja ndani ya zipu (faili moja la .zip lililofungasha mengi), ondoa alama kwenye zipu yenyewe kabla ya kuifungua. Ukitangulia kuifungua kwa Windows, alama huenea kwa yaliyomo. Kama umeshafungua, washa PowerShell (dirisha la Windows la kuandikia amri) na uandike hivi, ukibadilisha jina la folda liwe lako:

Get-ChildItem "D:\Masomo" -Recurse | Unblock-File

Iwe folda ya masomo tu. Usiielekeze kwenye folda nzima ya “Downloads”, humo mna vitu hata wewe umeshavisahau.

Hatua ya 4: Rudisha kiwango cha usalama mahali pake

Hapa ndipo palipokuwa na tatizo la maalim. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika inetcpl.cpl, bonyeza “Enter”. Fungua “Security”, kisha bonyeza “Reset all zones to default level”. Kiwango cha “High” huzima kabisa ufunguaji wa mafaili ambayo Windows huyahesabu kuwa si salama. Kile cha kawaida hukuuliza kwanza, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Usikishushe chini ya hapo.

Vitufe vikiwa vimefifia, havibonyezeki, kompyuta ni ya ofisi na mipangilio imefungwa na msimamizi wake. Mwendee yeye. Usitafute njia ya kumzunguka.

Hatua ya 5: Umefunguka, lakini hauna picha

Hapo usalama hauhusiki. Ukurasa uliohifadhiwa kamili huwa na folda pacha yenye jina lile lile linaloishia na “_files”. Ukinakili faili ukaiacha folda, picha zinabaki mjini. Vinakili vyote viwili, wala usiibadilishe folda jina.

Safari nyengine ukiwa mjini, jiondoshee mashaka: ukurasa ukiwa wazi bonyeza Ctrl na P, chagua “Save as PDF”. Picha na maandishi huingia kwenye faili moja. Lifungue hapo hapo, uzime mtandao, ulipitie hadi mwisho kabla hujapanda gari ya kurudi.