Kununua Vifaa vya Vani Vilivyorudishwa: Uliza Mfuko wa Nati Kabla ya Bei

Vani yangu ni Vauxhall Vivaro na kazi yangu ni kuhamisha watu hapa Coventry, Uingereza: asubuhi friji na godoro la mwanafunzi, jioni kabati la bibi mmoja lisilotaka kupita mlangoni. Keria ya juu, mbao za kufunika kuta za ndani, kamera ya nyuma, karibu vyote nimevinunua mtandaoni vikiwa vimeshafunguliwa. Mtu kaagiza, kafungua boksi, kaona hakimfai, karudisha. Duka haliwezi tena kukiuza kama kipya, linapunguza bei, na tangazo linaandikwa open box.

Wanunuzi wengi huikuza picha kutafuta mikwaruzo. Mikwaruzo ya nini? Keria ni ya kubebea ngazi. Mwezi hauishi itakuwa na mikwaruzo yako mwenyewe. Kinachoumiza ni kingine. Keria ya vani huja na vyuma virefu viwili au vitatu, miguu yake, na mfuko mdogo wa plastiki wenye bolti, nati, washa, raba za kukalia kwenye paa, vifuniko vya ncha na ufunguo wa pembe sita. Aliyerudisha alikwishauchana mfuko ule. Bolti mbili zimebiringika chini ya gari, raba moja imebaki mfukoni mwa koti lake, na vyuma vimerudi dukani vinang'aa. Duka limepiga picha vyuma. Wewe unadhani umepunguziwa kwa sababu boksi limechanika, kumbe bado una mfuko wa kulipia.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza lolote, ingia kwenye tovuti ya aliyetengeneza kifaa hicho, upakue karatasi ya maelekezo ya kufunga. Kampuni kubwa kama Thule huiweka bure. Ukurasa wa mwanzo huwa na mchoro wa kila kipande na idadi yake: bolti nane, nati nane, raba nne. Mtumie muuzaji picha ya ukurasa huo, umwombe akitandaze chini kila kilichomo na apige picha moja. Muuzaji mzuri hufanya hivyo siku hiyohiyo. Anayekujibu kwamba kila kitu kimo kama unavyoona, na unachoona ni picha ya kiwandani, mwache na keria yake.

Nauliza pia kwa nini kilirudishwa. "Hakikuingia kwenye gari la mteja" ni jibu linalonifurahisha, maana kosa lilikuwa la gari, si la kifaa. "Hatujui" si dhambi, lakini bei ishuke zaidi. Na kitu cha tatu ni namba ya spea iliyogongwa au kubandikwa kwenye chuma chenyewe, siyo ile ya kwenye boksi. Wako watu wanaonunua kipya, wanatia cha zamani ndani ya boksi jipya na kurudisha. Mfanyakazi wa ghala anayepokea mizigo mamia kwa siku haoni tofauti.

Ijue vani yako, siyo jina lake

Vivaro ni mfano mzuri wa jinsi jina linavyodanganya. Ile ya 2014 hadi 2019 ni ndugu wa Renault Trafic, Nissan NV300 na Fiat Talento. Ukikuta keria ya Trafic ya miaka hiyo, itakufaa. Iliyoanza 2019 imehamia ukoo mwingine kabisa, wa Peugeot Expert, Citroën Dispatch na Toyota Proace. Jina moja, magari mawili, na sehemu za kufungia keria kwenye paa hazilingani. Tangazo likisema tu kwamba kifaa ni cha Vivaro, hujaambiwa kitu. Na tarehe ya kwenye V5C, yaani kadi ya usajili wa gari, isikuvimbishe kichwa: hiyo ni siku gari liliposajiliwa, si siku lilipotoka kiwandani. Gari lililosajiliwa 2019 linaweza kuwa la umbo la zamani lililokaa yadi. Mwenye Ford Transit Custom naye ajue kwamba umbo lilibadilika 2023.

Ukishaujua mwaka wa vani yako, andika mahali mambo haya: urefu ni L1 (fupi) au L2 (ndefu), paa ni H1 (fupi) au H2 (refu), nyuma kuna milango miwili ya kufungua pembeni au mmoja wa kunyanyua, na mlango wa kuteleza uko ubavu mmoja au pande zote mbili. Mbao zilizokatwa tayari kwa ajili ya kuta ndizo zinazorudishwa sana kwa sababu ya huo mlango wa pili. Mtu anapokea ubao mrefu unaoziba mlango wake mwenyewe. Kamera inayokaa mahali pa taa ya breki ya juu nayo ina umbo la milango miwili na umbo la mlango wa kunyanyua, na haziingiliani hata ukilia. Faida ni kwamba makosa hayo ya wengine ndiyo yanayojaza soko letu: mbao safi kabisa, hazijaguswa, zinamsubiri mwenye gari lake.

Jambo moja kuhusu urefu wa kwenda juu. Vani nyingi za paa fupi hukaribia mita 2, na vizuizi vya maegesho mengi ya ghorofa viko hapohapo. Ukiongeza keria, hayo maegesho yasahau.

Nina shemeji Tanga mwenye Haisi, na kila akiona picha ya keria ya bei chee ananitumia niinunue niitie kwenye kontena. Jibu ni lilelile. Haisi ile ina mfereji wa maji pembeni mwa paa, na keria yake hushika hapo. Vani hizi za Ulaya hazina mfereji, keria zake hufungwa kwa bolti kwenye matundu maalumu. Fundi wa kuchomelea pale Tanga atamtengenezea ya kukaa sawasawa, na sitalipia nafasi ya kontena kwa chuma kisichomfaa.

Pesa

Usilinganishe na bei iliyopigwa mstari. Linganisha na bei ambayo kifaa kipya kinauzwa leo. Tuseme keria mpya ni pauni 300 na iliyofunguliwa ni 230. Usafirishaji 25. Seti ya kufungia, yaani ule mfuko wa bolti, kama haimo, 40. Umefika 295. Mimi nikishajumlisha yote, punguzo lisipofika robo ya bei, nanunua mpya na waranti yake kamili.

Maneno ya hali ya bidhaa hutofautiana. Amazon huuza vilivyorudishwa kwenye sehemu inayoitwa Amazon Resale, zamani Amazon Warehouse, kwa madaraja manne kuanzia kama mpya hadi inayokubalika. Kwa vifaa vya kufungwa na bolti sishuki chini ya madaraja mawili ya juu. Kwenye eBay soma maelezo ya muuzaji mwenyewe mpaka mstari wa mwisho, maana huko chini ndiko wanakoandika kwamba ufunguo wa kufuli haupo. Ufunguo peke yake usikutishe: kufuli za keria za Thule zina namba iliyochapwa usoni, herufi N na tarakimu tatu, na kwa namba hiyo unaagiza ufunguo mwingine.

Kuhusu sheria za Uingereza, hapa ndipo wenzangu wa kazi wanapokosea. Anayenunua mtandaoni kutoka dukani ana siku 14 tangu apokee mzigo za kughairi, kwa kanuni za 2013. Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 inampa siku 30 za kukataa kitu kibovu au kisicholingana na maelezo. Boksi kuwa lilishafunguliwa hakufuti haki hizo, ila kasoro uliyoonyeshwa kabla ya kununua huwezi kuilalamikia. Lakini haki hizo ni za mlaji, yaani mtu ambaye hasa hanunui kwa ajili ya biashara. Wewe unayenunua mbao za vani ya kazi unahesabiwa mfanyabiashara, na zile siku 14 za sheria si zako. Unabaki na sheria ya mauzo ya 1979 na masharti ya duka lenyewe, kwa hiyo masharti hayo yasome kabla ya kulipa. Hasa usome nani analipia kurudisha. Chuma cha mita mbili hakirudi kwa nauli ya bahasha. Kama duka lina tawi karibu, nenda ukachukue mwenyewe ukikague palepale kaunta.

Kifaa kinachozidi pauni 100 nalipia dukani moja kwa moja kwa kadi ya mkopo, kwa sababu kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974 kinaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji. Malipo yakipitia kwa mtu wa kati, kinga hiyo inaweza kukatika.

Visivyonunuliwa hivi

Betri za lithiamu, kwa sababu hujui zilichajiwa vipi, na kuzirudisha kwa posta ni mateso. Hita za dizeli, kwa sababu bomba la moshi likivuja unalala na hewa ya sumu. Viti vyenye mikanda. Chuma cha kuvutia trela. Hivi nanunua vipya au sinunui.

Mzigo ukifika

Washa kamera ya simu kabla ya kukata utepe, uonyeshe anwani ya kwenye boksi kwanza. Tandaza kila kitu sakafuni, hesabu kwa ile karatasi ya maelekezo. Zungusha kila nati kwa vidole mpaka mwisho wa bolti; ikikwama katikati, mtu alishaikaza kwa nguvu na kuharibu meno yake. Fanya haya yote kabla ya kufunga chochote kwenye vani, kwa kuwa ukishafunga ni vigumu kudai kwamba ilifika hivyo. Kwenye eBay, dai la mzigo usiolingana na tangazo lifunguliwe ndani ya siku 30 tangu ulipofika.

Pakikosekana kitu, muuzaji huwa wa kwanza kusema: nikurudishie pauni 10 tuyamalize. Usijibu papo hapo. Angalia kwanza seti ya kufungia inauzwa kiasi gani na kama inauzwa peke yake, maana ukishakubali hizo 10 mara nyingi dai linafungwa hapo. Nyingine haziuzwi peke yake kabisa, na hapo la kuomba ni pesa zote na gari la kuja kuchukua mzigo.