Kijino au lineti? Kuchagua kilengeo cha karabini kwa kanga na sungura wa pori la Lubumbashi

Ilikuwa mwezi wa tano, asubuhi, kwenye pori la njia ya Kasenga. Kanga saba walitoka kwenye nyasi hatua kumi na tano mbele yetu. Mimi nilikuwa na karabini ya kalibre 22 yenye lineti (wengine wanaiita darubini), na jana yake nilikuwa nimeichezea nikaiacha imekuza mara 9. Nilipoiinua niliona rangi ya kahawia tu. Ilikuwa nyasi? Ilikuwa bawa? Sijui mpaka leo. Baba mdogo, aliyekuwa kando yangu na karabini yake ya zamani isiyo na lineti, yenye kijino tu (kile chuma kidogo cha kulengea kwenye ncha ya mtutu), alipiga mmoja kabla sijampata hata huyo wa kwanza. Jioni tulikula bukari (ugali) na yule kanga. Hakunisema. Alinipa shingo.

Tangu hapo nimefunga na kufungua lineti nyingi, zangu na za watu wanaoniletea karabini zao. Nieleze ninavyochagua.

Hatua ya 1: Karatasi kwanza

Uwindaji Kongo unaongozwa na Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, na silaha zina sheria yake ya mwaka 1985. Unahitaji kibali cha bunduki na kibali cha kuwinda, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Ofisi ya mazingira ya mkoa itakuambia msimu umefunguliwa au bado. Ukiwa huna karatasi, ishia hapa.

Hatua ya 2: Pima pori lako, usipime ndoto zako

Watu wananiuliza, "Mukubwa, lineti ipi inafika mbali?" Mimi nawauliza: mnyama wako wa mwisho ulimpiga hatua ngapi? Wengi hawajui. Basi nenda porini bila haraka, na kila unapoona kanga, kwale au sungura, hesabu hatua mpaka pale alipokuwa. Fanya hivyo mara kumi, uandike.

Utagundua kwamba jibu linabadilika na mwezi. Mwezi wa tano mvua zimekwisha lakini nyasi bado zinampita mtu kimo, na mnyama unamwona kwenye mita 15 au 20, akiwa tayari anaondoka. Moto ukishapita, mwezi wa saba au wa nane, pori linafunguka; unaona kati ya miti mpaka mita 60 na zaidi, na sungura naye anakuona kutoka mbali vilevile. Mwezi wa tisa miti inatoa majani mapya mekundu kabla ya mvua, na kivuli kinarudi.

Kwa hiyo karabini ileile, mikononi mwa mtu yuleyule, inaweza kutaka kijino mwezi wa tano na lineti mwezi wa nane. Mimi nimechagua pete za kufungia ambazo naweza kuzitoa, na vilengeo vya chuma sikuving'oa. Anayekushauri ukate kijino ili lineti ikae vizuri, mwambie akate cha kwake.

Hatua ya 3: Pima macho

Hakikisha karabini haina risasi. Angalia chemba, kisha angalia tena. Lenga ukuta mweupe nje, si ndani ya nyumba. Vilengeo vya wazi vinalidai jicho liangalie vitu vitatu kwa mara moja: pengo la nyuma, kijino cha mbele na mnyama. Jicho haliwezi, linachagua kimoja. Sahihi ni kuchagua kijino. Kijino kiwe kikali kama ncha ya sindano, mnyama aonekane na ukungu kidogo.

Kama kijino chako kina manyoya kama kiwavi, macho yamekwenda. Kwa wengi inaanza baada ya miaka 40, na hakuna aibu. Hapo una njia mbili. Moja ni kubadilisha pengo la nyuma uweke kilengeo cha tundu: unachungulia kwenye kitundu, jicho lenyewe linatafuta katikati, na kijino kinakuwa kikali tena. Baba mdogo yuko huko sasa. Njia ya pili ni lineti, ambayo inaweka msalaba (mistari ya kulengea iliyo ndani yake) na mnyama kwenye umbali mmoja kwa jicho, kwa hiyo huchagui kitu.

Hatua ya 4: Pima kijino chenyewe

Hili wengi hawalifikirii. Kijino chenye upana wa milimita 2, kikiwa sentimita 80 kutoka jichoni, kinafunika sentimita 12 na nusu kwenye mita 50. Kichwa cha kanga, pamoja na ile pembe yake, hakifiki nusu ya hapo. Yaani unalenga kitu ambacho umekificha mwenyewe. Kwenye mita 25 kijino hichohicho kinafunika sentimita 6 na kidogo, bado ni kingi. Ndiyo maana usimfunike mnyama: mkalishe juu ya kijino, kama chungu juu ya jiwe la jiko. Na ndiyo maana pia, kwa kijino, mimi nasimama kwenye mita 30. Zaidi ya hapo ni kumjeruhi tu.

Hatua ya 5: Ukiamua lineti, chukua ndogo

Kukuza mara 4 kunatosha, na kioo cha mbele cha milimita 32. Gawa 32 kwa 4, unapata 8: huo ndio upana, kwa milimita, wa mwanga unaoingia jichoni. Sasa chukua ile ya kujionyesha, mara 9 na kioo cha 40: unapata 4.4 tu. Alfajiri, wakati mboni ya kijana inaweza kufunguka mpaka milimita 7 hivi, ile kubwa inakuletea giza. Kama yako inabadilika, iache kwenye namba ya chini kabisa unapotembea. Kuongeza kuna muda wake. Kupunguza wakati kanga wameshatoka hakuna.

Angalia pia imetengenezwa kwa umbali gani. Lineti za karabini ya 22 kwa kawaida zimewekwa kwa mita 45 hivi. Zile za bunduki kubwa kwa mita 90 au zaidi. Ukitumia ya bunduki kubwa kwenye mita 20, tikisa kichwa kidogo utaona msalaba unatembea juu ya shabaha. Risasi nayo itatembea.

Wenye bunduki ya upepo ya springi, sikilizeni kwa makini. Ile springi inapiga teke nyuma, halafu mbele, na teke la mbele ndilo linaloua lineti ya kawaida. Niliwahi kununua sokoni lineti ya bei rahisi nikaifunga kwenye springi. Wiki ya pili msalaba ulikuwa umelala upande kama mlevi wa mtaa wa Kamalondo. Tafuta iliyoandikwa kwamba ni ya bunduki ya upepo, na pete zenye kizuizi cha nyuma. Kama huna uhakika, kijino. Kijino hakivunjiki kwa teke.

Kwa bunduki ya kalibre 12 (ya marisau) na kwale anayeruka, sahau mambo yote haya. Unamwangalia ndege.

Hatua ya 6: Linganisha kilengeo na risasi kwenye kichuguu

Mungu alitupa Katanga vichuguu, tuvitumie. Chagua kimoja cha mita tatu au nne kwenda juu, kipana, kisicho na njia ya watu nyuma wala wachoma makala (mkaa). Risasi ndogo ya 22 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 1, kichuguu kinaimeza.

Bandika kipande cha kartoni, chora duara jeusi la sentimita 4. Jaza mchanga kwenye kiloba, keti, weka mbao ya karabini juu ya kiloba, si mtutu wenyewe. Anza mita 15 ili ujue unapiga kartoni. Kisha mita 50. Piga tatu kabla ya kugusa chochote, maana moja inaweza kudanganya. Pima kutoka katikati ya matundu hayo matatu.

Lineti nyingi, kila mlio wa kizibo (kile cha kuzungusha juu au kando ya lineti) ni milimita 7 kwenye mita 100, yaani kama 3.5 kwenye mita 50. Umepiga sentimita 5 kushoto kwenye mita 50? Milio 14 kwenda kulia. Kwa vilengeo vya chuma: pengo la nyuma lisogeze upande unaotaka risasi iende, kijino kisogeze kinyume. Gonga polepole kwa kipande cha shaba, na shaba hapa haikosekani.

Kisha andika kwenye utepe, ubandike kwenye kitako. Utepe wangu, wa risasi za kasi ya mita 380 hivi kwa sekunde, lineti ikiwa sentimita 4 juu ya mtutu, unasema, kwa sentimita: mita 10, chini 2, mita 20, sawa, mita 50, sawa, mita 75, chini 7, mita 100, chini 20. Umeona ile ya mita 10? Kanga aliye karibu sana unamkosa kwa chini, ukiwa na uhakika wote wa dunia. Wako uandike kutokana na matundu yako, na ukibadilisha aina ya risasi, rudi kichuguuni.

Hatua ya 7: Tafuta mpaka wako

Piga tano kwenye lile duara la sentimita 4, ukiwa umeketi vile unavyoketi porini, bila kiloba. Zote tano zikiingia, rudi nyuma hatua kumi. Pale ambapo moja inatoka, mpaka wako ni hatua kumi karibu zaidi na shabaha. Wangu na lineti ni mita 55.

Asubuhi za mwezi wa sita zina baridi hapa, na ukihema juu ya kioo umepofuka dakika nzima. Geuza uso pembeni unapohema, na vumbi jekundu lipulize kabla ya kufuta kwa kitambaa, maana lina mchanga. Ukianguka na karabini, hata kidogo tu, usiendelee na windo: rudi kwenye kichuguu, mita 25, risasi tatu.