Meza ya chuma ya kupimia na kuchomelea: itengeneze ifuate kazi zako

Fundi anayeanzia nyumbani mara nyingi huunganisha kazi zake chini, kwenye zege. Grili la dirisha likitoka limenyanyuka kona moja, lawama zinakwenda kwa skwea paipu, au kwa msaidizi aliyeshika vibaya. Ukweli ni kwamba sakafu ya zege, hata iliyopigwa vizuri, ina mabonde, na kila kitu unachokipiga pointi (kukishikiza kwa tone dogo la kuchomelea) juu yake kinarithi mabonde hayo. Meza ya kuchomelea ni chombo cha kipimo kwanza, mahali pa kuweka kazi baadaye. Ukiijenga kwa wazo hilo, maamuzi mengine yote yanakuwa mepesi.

Meza ninayoeleza hapa ni ya flatiba, yaani vyuma bapa virefu, zilizoachiwa mapengo, siyo ya pleti moja nzima. Pleti ya milimita 10, robo ya ile ya futi 4 kwa 8, ina uzito wa kilo 58 hivi na inapendeza kuitazama. Lakini pleti isiyo na matundu inakuruhusu kubana klampu pembeni tu, na kutoboa matundu sabini ya milimita 16 kwa kekee ya mkononi ni adhabu. Mapengo kati ya flatiba yanaingiza klampu karibu popote. Kwa anayetengeneza madirisha, milango, viti na mageti madogo, mimi naona hakuna ubishi.

Vifaa

- Flatiba ya upana wa milimita 100 na unene wa 12, urefu mzima wa mita 6
- Engo (chuma cha umbo la L) ya 50 kwa 50, unene wa milimita 5, mita 3
- Skwea paipu ya 50 kwa 50, unene wa milimita 3, vipande 2 vya mita 6
- Boliti 20 za M10 (kipenyo cha milimita 10) za kichwa cha kuzama, na nati zake
- Boliti 4 ndefu za M16 na nati 4, kwa ajili ya nyayo
- Rodi za kuchomelea za 6013 za milimita 2.5, zile wauzaji wanaziita geji 12

Flatiba moja ya mita 6 inatoa vipande vitano vya milimita 1195 na hubaki na chuma cha kusafishia ncha tu. Ukiacha pengo la milimita 40 kati ya kipande na kipande, unapata meza ya upana wa 660. Flatiba hiyo peke yake ina zaidi ya kilo 56, kwa hiyo usitegemee kuibeba kwa bodaboda.

Dukani, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au kwa muuzaji wa mtaani kwako, usikubali kuletewa chuma kutoka stoo bila kukiona. Weka jicho kwenye ncha moja ya flatiba utazame hadi ya pili, kisha igeuze ubavu utazame tena. Iliyopinda kwa upana itakusumbua kuliko iliyonepa kwa unene, kwa sababu kunepa unaweza kukuvuta kwa boliti. Vyuma chakavu ni sawa kwa miguu na fremu. Kwa uso wa meza, nunua kipya.

Hatua ya 1: Kimo

Simama na viatu vya kazini, mikono ikining'inia. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye kifundo cha mkono. Kwa watu wengi inaangukia karibu na milimita 850. Kutoka hapo toa 112 (flatiba 12, engo 50, fremu 50), kisha toa 40 za boliti ya unyayo. Kinachobaki, yaani 698 kwa mfano huu, ndicho kimo cha mguu.

Hatua ya 2: Fremu na miguu

Kata skwea paipu utengeneze mstatili ulio mdogo kidogo kuliko uso wa meza, ili flatiba zitokeze kila upande kwa milimita 70 hadi 100. Huo mwambao ndio unaoshika klampu za pembeni. Piga pointi kona zote nne kwanza, kisha pima ulalo wa kona hadi kona. Vipimo viwili vya ulalo vikilingana, mstatili wako umekaa. Visipolingana, gonga kona yenye ulalo mrefu hadi vilingane, ndipo uchomelee. Ampia 70 hadi 90 zinatosha kwa rodi hiyo. Ruka kutoka kona moja hadi ya mkabala nayo badala ya kuzunguka kwa mpangilio, maana joto likikusanyika upande mmoja fremu inavutwa huko.

Miguu ikishasimama, ifunge kwa mhimili wa chini. Chini ya kila mguu chomelea kipande cha pleti chenye nati ya M16, boliti iingie kutoka chini. Magurudumu? Mimi siyaweki. Meza inayotembea unapopiga nyundo haikupi kipimo.

Hatua ya 3: Engo za kubebea

Kata engo vipande vinne vya 660. Vilaze kukatiza fremu, bapa moja likiangalia juu, vya mwisho viwe milimita 100 kutoka ncha za flatiba na vya kati vigawane nafasi sawasawa.

Kwa nini vinne? Kunepa kwa chuma kunafuata urefu wa nafasi isiyo na msaada, na kunaongezeka kwa kasi: nafasi ikiwa mara mbili, kunepa kunakuwa mara nane. Flatiba hii ikishikwa ncha mbili tu zilizoachana mita moja, mzigo wa kilo 50 katikati unaishusha kama milimita tatu na nusu. Kwa engo nne, nafasi zinabaki milimita 330 hivi, na mzigo uleule huoni ukifanya chochote.

Kabla ya kuchomelea engo, hakikisha fremu haijajikunja. Weka meza pale itakapokaa, rekebisha nyayo isicheze, kisha funga nyuzi mbili nyembamba za nailoni kutoka kona hadi kona juu ya engo, zikatane katikati. Nyuzi zinatakiwa kugusana bila kusukumana. Sasa badilisha, uzi wa chini uwe wa juu. Zikigusana vilevile mara zote mbili, pembe nne ziko kwenye uso mmoja. Ukiona uzi mmoja unaning'inia juu ya mwingine, au unaukandamiza, zungusha boliti ya unyayo wa kona moja kidogo kidogo hadi zitulie. Ndipo uchomelee engo, vipande vifupi vifupi.

Hatua ya 4: Flatiba zinafungwa kwa boliti, hazichomelewi

Mshono wa kuchomelea unapopoa unasinyaa. Ukichomelea flatiba kwenye engo, kila mshono utaivuta chini hapo ulipo na kuinyanyua kwingine. Umenunua chuma kilichonyooka, halafu umekipinda mwenyewe.

Kwa hiyo toboa. Piga senta panchi kila flatiba inapokutana na engo, anza na biti ya milimita 5, malizia na 11. Biti kubwa inataka mwendo wa pole, kama mizunguko 700 kwa dakika, na tone la mafuta. Kekee ikipiga kelele na kutoa moshi ujue unaiunguza biti. Kwa juu, panua mdomo wa tundu kwa biti ya koni hadi kichwa cha boliti kizame milimita moja chini ya uso. Tumia kipande cha skwea paipu ya 40 kusimamishia mapengo yote, usipime kila pengo kwa tepu.

Sasa kazi ya subira. Tafuta rula ndefu ya aluminiamu, lakini ijaribu kwanza: chora mstari nayo, igeuze, chora tena juu ya mstari uleule. Mistari ikiachana katikati, rula imepinda, tafuta nyingine. Iliyonyooka ilaze kukatiza flatiba zote tano, na chini yake, juu ya kila flatiba, weka kipande cha karatasi ya A4. Karatasi hiyo ina unene wa karibu milimita 0.1. Vuta moja moja. Inayobanwa inasema flatiba yake iko juu, inayotoka bila ubishi inasema iko chini. Ile ya chini legeza boliti na uingize kabari kati yake na engo. Kopo la soda likikatwa linatoa kabari nzuri sana, nalo unene wake ni kama wa karatasi. Kwa pengo kubwa tumia bati la kuezekea. Rudia juu ya kila engo, halafu weka rula kwa ulalo.

Usifukuzie ukamilifu. Kwa madirisha na fanicha, kosa lisilozidi nusu milimita kwenye meza nzima ni kazi safi. Na usijaribu kusawazisha kwa grainda, jiwe litakuchimbia mashimo ambayo hayarudi.

Hatua ya 5: Ethi (njia ya mkondo kurudi kwenye mashine)

Uso uliofungwa kwa boliti una tatizo lake: mkondo unaweza kufika flatiba moja vizuri na nyingine kwa shida. Ondoa gamba jeusi la chuma pale flatiba inapokalia engo na pale nati inapobana, na usipake rangi sehemu hizo. Kabari za kopo zikwangue rangi pande zote mbili, maana rangi hiyo inazuia umeme. Chomelea boliti ya M12 chini ya fremu, funga hapo waya wa ethi wa mashine. Kwa kazi nyembamba bado ni bora kubana klampu ya ethi kwenye kazi yenyewe.

Na usiache juu ya meza kifaa chenye bodi ya chuma kilichochomekwa kwenye soketi wakati unachomelea. Mkondo uliopotea njia unaweza kupitia waya wa ethi wa kifaa hicho na kuuyeyusha.

Hatua ya 6: Ifanye iwe ya kwako

Anayetengeneza madirisha anahitaji kona ya kudumu. Toboa matundu ya milimita 13 kila baada ya 100 kwenye flatiba ya pembeni na kwenye mstari mmoja unaoikatiza. Kata vipande vya engo iliyobaki, vitoboe tundu refu badala ya duara, vifunge kwa boliti za M12 vikiwa bado vimelegea. Kisha pima: 600 upande mmoja, 800 upande wa pili, ulalo lazima uwe 1000 kamili. Kaza. Tundu refu linakuruhusu kusahihisha yale ambayo kekee ya mkononi haikuyapata.

Kwa nondo za grili, tengeneza vipande vya kipimo. Tuseme ndani ya fremu kuna 1140 na unaweka nondo 9 za mraba za milimita 12. Nondo zinakula 108, inabaki 1032, nafasi ni kumi, kila moja 103.2. Kata vipande vya skwea paipu vya 103, panga kutoka pande zote mbili kuelekea katikati, na zile milimita 2 zinazobaki zitamezwa na nafasi mbili za katikati bila mwenye nyumba kuziona. Ukipima kwa tepu kutoka nondo hadi nondo, kosa la milimita moja linajilimbikiza mpaka mwisho.

Kwa mageti, chomelea chini ya fremu vipande vya skwea paipu ya 50 vipokee mikono ya skwea paipu ya 40, yenye boliti ya kusimamisha kimo kwenye ncha. Mikono hiyo inavutwa nje, inalinganishwa na uso wa meza kwa uzi, inabanwa. Jiliwa, ile wengi tunaiita vaisi, ifunge kwenye mkono kama huo ili itoke usipoihitaji, na taya zake zikae chini ya uso wa meza.

Uso usipakwe rangi. Baada ya kazi pangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya injini, hasa kwa sisi tulio karibu na bahari, ambako kutu inaanza usiku huohuo. Kabla ya kuchomelea, futa mafuta hayo mahali pa kazi. Matone ya rodi yaliyoganda yaondoe kwa patasi iliyolazwa, na kazi ya kukunja chuma kwa nyundo ipeleke kwenye kipande cha reli pembeni. Baada ya wiki chache za kutumia, kaza boliti zote ishirini, kisha rudia kipimo cha karatasi: boliti mpya hulegea kidogo zikishazoea joto na mtikisiko.