Kijana anapiga danadana na maombi ya chuo? Tufanye hivi kabla ya Novemba Mosi

Kila ikifika katikati ya Oktoba simu huanza kuingia usiku, mama au baba akinong'ona ili mtoto asisikie. "Dada, huyu kijana atanitoa roho. Tangu Agosti nikimuuliza insha ya chuo, ananiambia imebaki kidogo. Jana nimechungulia kompyuta yake, ukurasa mweupe pe!"

Mimi ni mshauri wa wanafunzi wa sekondari hapa Texas. Jioni nasaidia familia zinazozungumza Kiswahili, wengi wakiwa wametoka Tanzania, Kenya na Kongo, ambazo mtoto wao ndiye wa kwanza kuomba chuo Marekani. Nikikaribishwa sebuleni kwa watu, nafanya hivi.

Hatua ya 1: Tafuta alipokwama

Usimuulize "umefika wapi". Mwambie akufungulie Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, akutembeze, kama mwenyeji anavyomtembeza mgeni nyumbani kwake. Kila sehemu iliyokamilika ina alama ya tiki ya kijani, kwa hiyo hahitaji kujitetea na wewe huhitaji kumshika uongo.

Mara nyingi utakuta jina, anwani na shule vimejazwa, insha haijaguswa, halafu kuna kisehemu kimoja cha ajabu kilichobaki wazi. Kijana mmoja alikaa wiki tatu bila kugusa chochote kwa sababu fomu ilimuuliza elimu ya wazazi. Hakujua baba yake aliishia kidato cha nne au cha sita, na aliona haya kuuliza. Baba alikuwa kwenye kochi, hatua nne kutoka pale. Alijibu bila hata kutoa macho kwenye mpira.

Hatua ya 2: Tarehe ziende kwenye friji

Chukua karatasi kubwa na kalamu nene. Common App hufunguliwa Agosti 1. Maombi ya mapema kwa vyuo vingi hufungwa Novemba 1 au 15, na ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Vyuo vya University of California vina fomu yao, mwisho wake huwa Novemba 30 au siku chache za mwanzo wa Desemba, kwa hiyo hakikisha tarehe ya mwaka wenu. Andika tarehe ya kila chuo, kisha kando yake, kwa wino mwekundu, andika tarehe ya nyumbani: siku kumi kabla. Tarehe ya nyumbani ndiyo mtakayoifuata.

Saa nazo ziangalie. Utaona 11:59 usiku, yaani saa sita kasoro dakika moja. Baba mmoja aliyezoea saa za nyumbani aliisoma kuwa saa kumi na mbili kasoro dakika moja jioni. Nilimwacha na imani yake hiyo.

Anzeni na vitu vilivyo mikononi mwa watu wengine. Barua za walimu za kumpendekeza mtoto ziombwe angalau mwezi mmoja kabla. Mwalimu ana wanafunzi wengi wanaomwomba barua hiyo hiyo, na barua ya zimamoto huonekana. Matokeo ya shule hutumwa na mshauri wa shule, kwa hiyo apewe orodha ya vyuo mapema. Na kama ada ya maombi ni mzigo, kuna msamaha wa ada ndani ya fomu yenyewe. Mtoto anayekula bure shuleni kwa sababu ya kipato cha familia anastahili, na kuomba msamaha huo si aibu.

Tahadhari moja: kuna aina ya maombi ya mapema iitwayo Early Decision, ambayo mtoto akikubaliwa amefungwa, lazima aende. Mzazi naye hutia saini. Usitie kabla hujafungua kikokotoo cha gharama kwenye tovuti ya chuo na kuweka kipato chako halisi.

Hatua ya 3: Kikao kimoja kwa wiki, siku nyingine funga mdomo

Hii ndiyo inayowashinda wazazi wetu, na mimi mwenyewe ilinishinda kwa binti yangu wa kwanza. Chagueni muda, tuseme Jumapili baada ya chakula, dakika 45. Simu zote kwenye kikapu, ya kwako ikitangulia. Yeye anafanya kazi yake, wewe unakaa meza hiyo hiyo na kazi yako, iwe kuchambua mchele au kulipa bili. Dakika zikiisha, kikao kimeisha, hata kama ameandika mistari miwili.

Kati ya Jumapili na Jumapili usiulize. Akikuamkia asubuhi, itikia marahaba uishie hapo. Ukimuuliza kila siku, kazi yake inageuka kuwa kukukwepa wewe, na kazi hiyo huifanya kwa bidii kubwa.

Hatua ya 4: Aongee kabla ya kuandika

Insha kuu ya Common App ina maneno 250 hadi 650. Maswali ni saba, na la saba linaruhusu mada yoyote, kwa hiyo usimwache apoteze mwezi akichagua swali. Kinachomkwamisha ni kudhani anatakiwa aandike kitu kikubwa. Vijana wetu karibu wote huanza na "kuja Marekani na thamani ya bidii". Mada si mbaya, ila msomaji wa chuo akifika aya ya pili hajui bado anasoma habari za nani.

Kijana mmoja alikuwa na aya tatu za namna hiyo. Nikamwambia afunge kompyuta. Nikaweka simu yangu mezani, ikirekodi, nikamuuliza: mara ya mwisho ulipoona haya hadharani ilikuwa lini?

Akacheka. Akasema ni siku alipompeleka bibi yake kliniki ya macho. Mama alikuwa kazini, yeye ndiye mkalimani. Daktari akataja ugonjwa kwa Kiingereza, kijana akaelewa, ila Kiswahili chake hakijui. Bibi anamtazama, daktari anamtazama. Akatoka kwenye korido akampigia mama yake, na mama akanong'ona, "Mtoto wa jicho."

"Nikadhani ananitania," akaniambia. "Nirudi nimwambie bibi ana mtoto kwenye jicho?"

Alirudi, akasema hivyo huku anatazama sakafu. Bibi akashusha pumzi: "Aa, kumbe ni hilo tu. Hata mama yangu alikuwa nalo." Kisha akaanza kumuuliza daktari maswali, moja baada ya jingine, na kijana akabaki anatafsiri mbio mbio kama mtangazaji wa mpira.

Aliongea dakika kumi na moja. Nikampa rekodi, nikamwambia aandike alichosema vile vile, bila kupamba. Zikatoka kurasa mbili. Zile aya tatu za bidii hakuzigusa tena.

Swali la haya limenifaa mara nyingi. Mengine: nani hukupigia simu akiharibikiwa na kitu? Ni ubishi gani wa nyumbani kwenu usioisha? Ukiwa mzazi na mtoto hataki kukwambia wewe, mtafute mjomba au shangazi akae naye. Hakuna ubaya.

Hatua ya 5: Mkono wako usiguse kibodi

Rasimu ikija, soma, kisha uliza tu: hapa sijaelewa, ilikuwaje? Usisahihishe Kiingereza, usiongeze maneno mazito. Na usimruhusu aipeleke kwa programu ya akili mnemba imwandikie. Kwenye saini ya mwisho anathibitisha kuwa kazi ni yake, na Common App huhesabu maandishi ya akili mnemba kuwa udanganyifu. Rasimu tatu zinatosha. Kijana mwenye kuahirisha akipewa nafasi ya rasimu ya nane ataahirishia humo humo.

Hatua ya 6: Vipande vifupi

Orodha ya shughuli ina nafasi kumi, na maelezo ya kila moja yasizidi herufi 150, nafasi tupu zikihesabiwa. Watoto wetu huandika mbili wakaacha. Fomu ina kipengele cha majukumu ya familia: kulea wadogo, kumpeleka bibi hospitali, kutafsiri barua za serikali. Aandike, pamoja na saa kwa wiki.

Halafu kuna insha fupi za "kwa nini chuo chetu". Zinafanana, kwa hiyo atanakili. Sawa, ila kabla ya kutuma atafute jina la kila chuo kwenye maandishi. Binti yangu alikieleza chuo kimoja jinsi anavyokipenda chuo kingine. Hakukubaliwa, na sikumlaumu mtu.

Hatua ya 7: Sasa zamu yako, mzazi

Fomu ya msaada wa masomo wa serikali kuu, FAFSA, kwa kawaida hufunguliwa Oktoba 1. Mzazi anatakiwa kufungua akaunti yake mwenyewe na kuridhia taarifa zake za kodi zichukuliwe. Hata asiye na namba ya hifadhi ya jamii anaweza kufungua akaunti. Na hapa nasema kwa heshima: mara nyingi mtoto amemaliza kila kitu, na anayesema "nitafanya wikiendi" ni baba. Ifanyike kwenye kikao kile kile cha Jumapili, wote mezani.

Hatua ya 8: Kutuma

Fungueni nakala ya PDF, muisome kwa sauti hadi mwisho. Mchana, si usiku. Kisha saini, ada au msamaha, na kutuma. Vyuo vingine vina maswali ya ziada yanayotumwa peke yake, basi hakikisheni tiki zote.

Insha ya mtoto wa jicho ilitumwa siku nane kabla ya mwisho. Tulikuwa tumekubaliana kumi. Kioo cha kompyuta kikajaa picha za vikaratasi vya rangi vinavyodondoka, na bibi, aliyekuwa pembeni na miwani yake mipya, akauliza nani anaolewa.

Baada ya hapo chuo hutuma barua pepe yenye akaunti ya kufuatilia, na humo ndimo huonekana karatasi gani bado haijafika. Aiangalie kila siku mbili, hata kwenye folda ya barua taka.