Ndege wahamiaji wa Sabaki: ngoja maji yakuletee

Ndege waitwao vitwitwi na sululu wamesharudi mlangoni mwa Mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi. Ukitaka kuwaona vizuri usiwafuate topeni. Nenda siku za bamvua, yaani maji ya bahari yanapojaa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Fika masaa mawili kabla maji hayajajaa, kaa mchangani utulie. Maji yakipanda hufunika tope wanalodonoa, nao husogea wenyewe, mpaka unauona mdomo wa sululu ulivyopinda kama mundu. Bamvua hujaa alasiri, jua likiwa mgongoni mwako, raha iliyoje! Tafadhali msiwashtue wakaruka, hasa Machi: wanajaza mafuta mwilini ya safari ya kwenda kuzaliana Ulaya na Asia. Maji mafu, yaani siku yasipojaa sana, hayafai. Tope hubaki wazi, ndege hukaa mbali. Na mbwa akipita, wote huruka.