Kuondoa Utando wa Ukungu Kwenye Chupa na Vyombo vya Kioo

Ukungu unaozungumziwa hapa ni ule weupe unaofifisha kioo, si kuvu. Kabla ya kusugua, ni lazima kujua kinachosuguliwa, kwa maana utando wa aina moja huyeyuka kwa siki na wa aina nyingine hautoki kabisa.

Hatua ya 1. Osha chombo kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kisha ukisuuze na kukikausha.

Hatua ya 2. Tambua aina ya utando. Watu wengi huiruka hatua hii, nao hupoteza saa nyingi bure. Kioo kilicholowa hudanganya, kwa sababu maji hujaza vijishimo vya juu yake na kukifanya kionekane angavu, lakini kikikauka ukungu hurudi pale pale. Kwa hiyo usitoe hukumu yoyote mpaka kikauke. Dondoshea matone machache ya siki mahali penye ukungu, subiri dakika 5, futa, kausha, kisha ulinganishe na sehemu ya kando. Pakiwa pameng'aa, huo ni utando wa chokaa ulioachwa na maji magumu, yaani maji yenye madini mengi. Pasipobadilika, na kidole kikihisi unato, hayo ni mafuta yaliyoganda, nayo hutolewa kwa uji mzito wa baking soda na maji. Ikiwa siki imeshindwa na hakuna unato, paka tone la mafuta ya kupikia: ukungu ukipotea na kurudi mara unapoyaosha, basi kioo chenyewe kimelika, jambo linalovipata sana vyombo vinavyooshwa mara kwa mara katika mashine kwa sabuni kali. Hapo hakuna kuloweka kutakakosaidia.

Hatua ya 3. Kwa chokaa, loweka. Siki nyeupe ya asilimia 5 inafaa, ila mimi huchagua asidi ya sitriki (unga wa asidi kama ile ya limau), vijiko 2 vya chakula kwa lita moja ya maji ya moto kiasi, kwa kuwa haiachi harufu. Jaza chupa hadi mdomoni, uiache usiku kucha. Usichanganye siki na baking soda, maana hubatilishana na kubakiza povu la kupendeza macho tu. Dawa yenye klorini isikaribie asidi hata kidogo, kwa sababu hutoa gesi ya sumu. Vyombo vyenye mapambo ya dhahabu visilowekwe.

Hatua ya 4. Chupa ya shingo nyembamba itie kiganja cha mchele mkavu na maji kidogo, kisha uitikise kwa nguvu. Mchanga na waya wa kusugulia sufuria huacha mikwaruzo isiyofutika.

Hatua ya 5. Suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyotoneshwa (yaliyoondolewa madini kwa kugeuzwa mvuke) kama yapo, kwani tone la maji magumu likikaukia juu ya kioo huacha chokaa mpya. Glasi ifute papo hapo. Chupa iinamishe kwenye kichanja mdomo ukiwa chini na wazi, kwa kuwa ikifunikwa juu ya meza tambarare unyevu hunaswa ndani.